Mgongo Ukiumia: Mambo Yampasayo Mkulima Kuyajua

Wakati wa kuchuma parachichi na makadamia, na wakati wa kukata matawi ya mikima, watu wengi hupanda miti. Wengine hurudi kutoka Karatina au Nanyuki kwa pikipiki, au wamekaa juu ya mizigo garini. Mtu akianguka na kuumia mgongo, jinsi majirani wamwinuavyo yaweza kumwongezea hasara ya maisha. Kwa hiyo yafaa kila mwenye shamba ajue mambo haya.

Uti na Ugwe

Uti wa mgongo ni mifupa midogo 33 iitwayo pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na nyingine zimeungana huko chini. Ndani yake hupita ugwe wa mgongo, kamba laini ya mishipa ya fahamu, yenye urefu wa kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Amri za ubongo hushuka kwa ugwe huo mpaka mikononi na miguuni. Habari za maumivu, joto na baridi hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, fikiri bomba la maji litokalo msituni Mlima Kenya. Likipasuka juu, mashamba yote hukosa maji. Likipasuka chini, hukosa machache tu. Na mgongo ni vivyo hivyo. Mtu akiumia shingoni, mikono na miguu yote yaweza kupooza, hata pumzi yaweza kukatika. Akiumia kifuani au kiunoni, mikono hubaki na nguvu, lakini miguu hupooza. Tofauti ni hii: bomba huungwa, lakini ugwe uliokatika haujapata dawa ya kuuunga. Ukiwa umebanwa tu, mgonjwa aweza kupata nafuu. Basi tusiukate sisi wenyewe kwa haraka yetu.

Mtu Akianguka

1. Msimwinue kwa makwapa, wala msimketishe. Mwacheni alipo, isipokuwa pana hatari kama moto au magari.
2. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke. Angalieni kama anapumua vizuri.
3. Mwulizeni kama anasikia mkigusa miguu yake, na kama aweza kusogeza vidole. Mfunikeni blanketi.
4. Iteni gari la wagonjwa. Kama halipatikani, leteni mlango au ubao mpana. Watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa mstari mmoja kama gogo, kisha wamlaze juu yake.
5. Wekeni nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa, na dereva aende polepole.

Akirudi Nyumbani

Watu wengi hudhani hasara ni miguu tu. Sivyo. Mgonjwa hasikii kibofu kikijaa, na mkojo ukikaa huharibu figo. Hasikii ngozi ikibanwa, na hapo vidonda huanza. Basi ageuzwe kila saa 2 kitandani. Akikaa kitini, ajiinue au ainuliwe mara kwa mara. Asiwekwe karibu na jiko, maana aweza kuungua asijue. Miguu ikirukaruka yenyewe, si uchawi, ni kazi ya ugwe ulio chini ya jeraha. Lakini aliyeumia shingoni au juu ya kifua akishikwa ghafula na kichwa kikali na jasho, mketisheni wima, tazameni kama mpira wa mkojo umeziba, na mpelekeni hospitali upesi.

Zamani wengi walikufa kwa vidonda na figo. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann alianza kazi Stoke Mandeville, Uingereza, akasimamia wagonjwa wageuzwe usiku na mchana, na wengi wakaishi na kufanya kazi. Hapa Kenya iko hospitali ya taifa ya majeraha ya mgongo, Nairobi. Mwaka 2012 Bwana Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza kwa risasi ya majambazi, alishika njia kutoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika ya Kusini, ili kuchangisha fedha za kujenga kituo cha kuwatunza wenzake.

Mtu aliyepooza miguu aweza kutunza hesabu za maziwa, kufuga kuku, kulea watoto wake na hata kuzaa wengine. Mtengenezeeni njia ngumu isiyo na matope kutoka mlangoni mpaka bomani, na meza ya kazi iliyo kimo cha kiti chake. Na kabla ya msimu ujao, kateni mti mrefu uwe mfupi, na chumeni kwa mti wenye ndoana mkiwa mmesimama chini.