Dume au Jike: Nani Anaamua?

Huko China watu wanafuga kobe wa majini kama sisi tunavyofuga kuku. Kobe huyu ana gamba laini kama ngozi. Wachina wanamla. Dume hukua upesi kuliko jike, na pindo la gamba lake, ambalo walaji hulipenda, huwa nene. Kwa hiyo mfugaji anataka madume. Afanyeje?

Kila mnyama ana nyuzi za urithi kutoka kwa wazazi wake. Ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kobe dume ana nyuzi Z mbili. Jike ana Z moja na W moja. Basi baba hana cha kutoa ila Z. Mama akitoa Z, mtoto ni dume; akitoa W, ni jike. Anayeamua ni mama. Kuku naye ni hivyo hivyo.

Lakini watu sivyo! Kwetu mama hutoa X tu. Baba ndiye hutoa X, akazaliwa msichana, au Y, akazaliwa mvulana. Mume anayemfukuza mkewe kwa kuzaa wasichana watupu anamwonea bure. Mbegu ni yake mwenyewe.

Turudi kwa kobe. Katika nyuzi zake kuna jeni iitwayo Dmrt1. Hii ni kama msimamizi wa kazi: ikiamka ndani ya yai, mtoto anaota kokwa za kiume. Mwaka 2017 wataalamu wa China walieleza jinsi walivyoizuia katika mayai yenye Z mbili. Watoto wakaanza kuota vifuko vya mayai, kama majike!

Ipo njia nyingine. Yai la Z mbili hutiwa homoni ya kike, anatoka jike asiye na W. Akipandwa na dume wa kawaida, W itatoka wapi? Watoto wote ni madume.

Kasa wa baharini, kama wale wanaotaga kisiwani Mafia, hawana Z wala W. Wao hufuata joto. Mchanga wa moto hutoa majike, mchanga wa baridi madume. Kaskazini mashariki mwa Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kasa wachanga zaidi ya 99 katika kila 100 ni majike. Ndiyo maana mahali pengine watu wameanza kuvijengea viota vya kasa vibanda vya kivuli.