Alalaye Haoni Macho Yake

Yako maradhi ambayo mgonjwa huyajua kwanza, ndipo akawaambia watu wa nyumbani mwake. Tena yako mengine ambayo mgonjwa hawezi kuyajua asipoambiwa na aliye karibu naye. Mwezi huu twataka kusema habari za mojawapo la namna hii ya pili, nalo ni kulala bila kufumba macho sawasawa.

Mtu mwenye shida hii huamka macho yakimchoma kana kwamba yametiwa mchanga. Huwa mekundu, na mwanga wa mlangoni humuumiza. Ifikapo adhuhuri hupata nafuu, akasahau. Kesho yake ni yale yale. Husema ni moshi, au ni vumbi, na wengine husema wamerogwa. Basi na tupambanue. Macho yakaushwayo na upepo na kazi ya kutwa huzidi kuuma jioni. Yale yaumayo zaidi alfajiri yatupasa kuyauliza habari za usiku.

Mungu amelipa jicho maji yake. Tunapopepesa kope, machozi huenea juu ya kioo cha jicho, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Twapepesa mara 10 hadi 20 hivi kila dakika, wala hatufikiri. Usingizini hatupepesi; kope hukaa juu ya jicho kama kifuniko juu ya chungu. Kifuniko kikiacha upenyo, machozi hukauka, na utando ule huchubuka. Vijidudu vikiingia katika michubuko, hutokea kidonda. Na kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kovu likiwa mbele ya mboni, nuru haipiti vema, na mtu aweza kupofuka.

Sababu zake ni nyingi. Wengine wamezaliwa hivyo, wala hawana ugonjwa. Wengine wana kovu la moto lililovuta kope, au tezi ya shingo imewaharibikia hata macho yakatokeza nje. Wengine wamepooza uso upande mmoja, mdomo ukaenda kombo na jicho likakataa kufumba. Huyo asingoje: aende hospitali ndani ya siku 3 za mwanzo, kwa kuwa dawa ya kupooza huko hufaa zaidi ikianzwa mapema. Wengi wao hupona, walakini jicho lahitaji kulindwa muda wote wa kungoja.

Iko na sababu ya ukoma. Mwaka 1873, huko Bergen katika nchi ya Norway, tabibu Gerhard Armauer Hansen aligundua kijidudu chake. Basi si laana wala si uchawi. Kijidudu hicho hudhuru mshipa wa fahamu ufumbao kope, na pengine hudhuru na ule uletao maumivu ya jicho. Hapo ndipo penye hatari kubwa: jicho lina kidonda, na mwenyewe hasikii lolote. Mtu huyo na ajitazame katika kioo kila asubuhi, ama atazamwe na mwenzake. Dawa za ukoma hutolewa bure tangu mwaka 1995, na aanzaye mapema huokoa mikono, miguu na macho. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa, tutajuaje? Mwenzako akisha kushikwa na usingizi mzito, chukua taa ndogo, uiweke kando isimulike usoni. Inama chini kidogo, utazame toka upande wa mashavu, kwa maana nywele za kope huficha upenyo kwa atazamaye toka juu. Ukiona weupe tu, fahamu kwamba jicho limegeuka juu usingizini, kama yafanyavyo macho ya watu wengi, na kioo chake kimesitirika. Ukiona weusi wa jicho, hatari ni kubwa zaidi. Katika hali zote mbili mwambie asubuhi kwa upole, bila kumcheka, mwende pamoja kwa mganga wa macho.

Mganga mara nyingi huagiza matone ya machozi kwa mchana na marhamu laini kwa usiku. Marhamu hutiwa baada ya sala na kusoma kwisha, kwa kuwa hutia ukungu machoni. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tia kiasi cha punje ya mchele, wala ncha ya dawa isiguse jicho. Kila mtu na awe na dawa yake. Wengine hufundishwa kufunga kope kwa plasta. Lakini usijaribu kabla hujaonyeshwa na muuguzi, maana plasta au shashi ikiteleza hulikwaruza jicho. Feni isielekezwe usoni, wala moto usiachwe ukitoa moshi chumbani. Ambaye kope zake ni dhaifu, mganga humfundisha kuzifumba kwa nguvu mara nyingi kila siku. Hayo yote yasipotosha, iko operesheni ya kuzisaidia kope zifumbe.

Tujihadhari na maji ya majani, maziwa, mkojo na dawa za kuazimana. Vitu hivi vimewapofusha watu ambao wangaliweza kupona. Na jicho likiuma sana, au likishindwa kutazama mwanga, au likionyesha doa jeupe, au likipungukiwa na kuona, nenda hospitali siku ile ile.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto ajaye darasani kila asubuhi na macho mekundu, akayasugua hata saa nne, asiadhibiwe kwa uvivu kabla wazazi wake hawajaulizwa: Je, mmemtazama alalapo?

Ndugu zangu, twaombeana usiku na kutakiana usingizi mwema. Yafaa sana. Lakini ambaye ameomba kwa ajili ya mwenziwe, na awashe taa amtazame. Kwani hapana mtu, hata awe na hekima nyingi, awezaye kuyaona macho yake mwenyewe akiwa usingizini.