Chumvi, Sigara na Ada ya Bima

Wapo wakazi wa Kasese na Bwera wanaodhani kwamba bima ya maisha ina bei moja kwa wote, kama sukari dukani. Sivyo. Kampuni ya bima hupima kwanza uwezekano wa mteja kufariki kabla ya muda wa mkataba kwisha, ndipo ipange ada. Huuliza umri wake, kazi yake, maradhi ya wazazi wake na kiasi cha pombe anachokunywa.

Mvuta sigara hutozwa zaidi kuliko asiyevuta, hata wakiwa na umri mmoja. Kampuni nyingi humhesabu kuwa mvutaji yeyote aliyevuta katika miezi 12 iliyopita. Shinikizo la damu nalo hupandisha ada, na chungu cha jikoni kinahusika. Chumvi ya Ziwa Katwe ni fahari ya Kasese. Lakini Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Hatari kubwa zaidi ni kuficha. Mume akiandika katika fomu kwamba hana kisukari, hali anatumia dawa, kampuni yaweza kukataa kulipa, na mjane akabaki na stakabadhi za ada bila fedha za karo. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Yafaa basi mume na mke wapimwe mapema, kama vile katika hospitali ya Bwera, wajaze fomu pamoja, na waseme kweli.