Kosa la Kwanza la PIN, Weka Simu Chini: Kisukari na Shughuli za Mjini Garissa

Foleni ni kero kwa kila mtu. Unasimama kwa wakala dakika ishirini, ukifika mbele unaambiwa floti imeisha. Unalipa dukani, meseji ya kuthibitisha haiingii, na mwenye duka anakuangalia kama mtu anayetaka kuondoka na mali ya bure. Wengi wetu tunalalamika kidogo, kisha siku inaendelea.

Kwa mteja mwenye kisukari, au macaan kama wengi wanavyouita hapa Garissa, dakika hizo zina hesabu nyingine. Zinaweza kumkuta dawa imeshaingia mwilini, chakula bado hajala, na jua la saa saba liko juu ya kichwa.

Sisi si madaktari. Kazi yetu ni malipo ya simu. Ila kuna mambo mawili tunayoweza kukueleza. Simu ikitumiwa kwa mpango, inakupunguzia muda wa kusimama juani. Na simu hiyo hiyo ikitumiwa wakati sukari yako imeshuka, inaweza kukupotezea pesa. Kuhusu dozi na ratiba ya dawa zako, mwenye neno la mwisho ni daktari wako.

Sukari ikishuka, hata PIN inapotea

Ukitaja kisukari, watu wengi hufikiria sukari kupanda. Ni kweli sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu macho, figo na miguu. Lakini ukiwa katikati ya shughuli zako, hatari ya haraka zaidi ni sukari kushuka. Glukometa ikionyesha chini ya 4 mmol/L, hiyo imeshuka na inahitaji kushughulikiwa papo hapo.

Wanaojidunga insulini, na wanaomeza vidonge vya aina ya glibenclamide, ndio walio kwenye hatari zaidi. Anayetumia metformin peke yake ni nadra kupatwa na hali hii. Kama hujui dawa yako iko upande gani, muulize mhudumu wa afya au mfamasia. Swali hilo halilipiwi.

Dalili zenyewe ni mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, hasira na kuchanganyikiwa. Sasa fikiria siku ya kawaida Garissa, joto limepita nyuzi 35. Kila mtu anatoka jasho. Kila mtu kwenye foleni amekasirika. Dalili zako zinajificha ndani ya joto la mji, na wewe mwenyewe unadhani umeudhiwa na wakala, kumbe ni sukari inayoshuka. Isitoshe, joto lenyewe linaweza kuifanya insulini ifyonzwe haraka kuliko ulivyozoea.

Ubongo hutegemea sukari kufanya kazi. Ikipungua, mambo madogo yanakuwa magumu: kukumbuka PIN, kuhesabu sufuri, kusoma jina la anayepokea. Ndiyo maana tunasema hivi: ukikosea PIN ambayo umeitumia miaka mingi, usikimbilie kujaribu tena. Chukulia kosa hilo la kwanza kuwa dalili. Ukirudia mpaka akaunti ifungwe, itabidi upige simu huduma kwa wateja ujibu maswali ya utambulisho, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi kwa mtu ambaye akili yake imeanza kuyumba. Kuna kosa baya kuliko hilo pia: kutuma Sh15,000 badala ya Sh1,500, au kutuma kwa nambari ya mtu mwingine.

Sukari kwanza, malipo baadaye

Utaratibu unaofundishwa kliniki ni rahisi kukumbuka, kwa sababu una nambari moja: 15.

Kwanza, kaa chini kivulini. Kama glukometa iko karibu, pima. Kama haiko, usingoje, endelea tu.

Pili, kula au kunywa gramu 15 za sukari inayoingia haraka. Hiyo ni kama nusu ya soda ya mililita 300, au vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au glukosi ya unga kwa kipimo hicho hicho. Soda isiyo na sukari haisaidii hapa. Chokoleti na samosa pia si za dharura, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Tatu, ngoja dakika 15 kisha pima tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia.

Nne, ikishapanda, kula chakula kamili kama mkate, anjera au ndizi, ili isishuke tena ukiwa njiani.

Hapo ndipo unaweza kurudi kwenye simu. Ukiwa umechanganyikiwa na mtu usiyemjua akajitolea "kukubonyezea", mwombe akuletee soda. PIN usimpe. Msaada unaouhitaji wakati huo ni wa sukari, wala si wa simu. Na kama umeshatuma kwa nambari isiyo sahihi, tupigie mara tu utakapopata nafuu. Ombi la kurudisha pesa lina nafasi nzuri zaidi kabla mpokeaji hajazitoa.

Panga siku kabla ya kutoka

Chukua mfano wa mama wa Bulla Iftin ambaye leo ana mambo manne: tokeni za stima, karo ya mtoto, dawa, na mboga za Soko Mugdi. Mawili ya kwanza yanamalizikia kwenye kiti chake nyumbani, asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Hapo yuko kivulini, ameshakula, na ana nafasi ya kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Dawa inahitaji simu moja kwanza. Kinachobaki cha kwenda kwa miguu ni soko tu.

Kwa insulini ya kabla ya chakula, kuna kosa linalotokea sana siku za shughuli: mtu anajidunga nyumbani akisema "nitakula huko huko mjini". Halafu tuktuk inachelewa, foleni ni ndefu, hoteli imejaa. Insulini haingoji foleni. Subiri mpaka chakula kiwe mbele yako, kisha fuata maelekezo ya daktari wako.

Angalia pia saa. Ijumaa maduka mengi ya mjini hufungwa wakati wa swala, na wengine huchukua mapumziko marefu joto linapozidi. Ukifika saa sita na nusu utakuta milango imefungwa, na hesabu yako ya chakula imeharibika. Toka mapema, urudi mapema.

Beba pesa taslimu kidogo

Ndiyo, umesoma sawa. Sisi kampuni ya malipo ya simu tunakwambia ubebe noti ya Sh100 na sarafu chache.

Mtandao hupotea. Stima hukatika, na huku Kaskazini Mashariki minara ya mawasiliano imewahi hata kushambuliwa, watu wakakaa bila simu. Simu nayo huishiwa na chaji. Soda ya dharura haiwezi kusubiri meseji ya kuthibitisha. Bora zaidi, hiyo sukari yenyewe iwe tayari kwenye mkoba: pakiti ya glukosi au sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Ukiwa na sukari mkononi, wala huhitaji kununua.

Sarafu zina kazi nyingine. Sukari ikipanda, mtu husikia kiu na kwenda haja ndogo mara nyingi. Choo cha kulipia kwenye stegi ya magari hakina subira ya kungoja mtandao urudi. Ni jambo dogo, lakini limewafanya watu wengine wajinyime maji siku nzima wakiwa mjini, na kukosa maji kwenye joto hili huzidisha sukari. Kunywa maji, lipa sarafu yako, endelea.

Meseji ikichelewa, usilipe mara mbili. Angalia salio kwanza. Kama pesa imetoka, omba muuzaji aangalie upande wake. Kama haijatoka, ndipo ujaribu tena.

Kununua dawa bila kuzunguka

Piga simu duka la dawa kabla ya kutoka na uulize mambo matatu: dawa ipo? Imehifadhiwa kwenye friji? Bei ni ngapi? Lipa baada ya kuiona dawa na tarehe yake ya mwisho, na uhakikishe jina linalotokea kwenye nambari ya till ni la duka hilo. Ile meseji ya malipo usiifute. Ukija kuulizwa ulinunua lini, au ukitaka kujua unatumia shilingi ngapi kwa mwezi, jibu liko kwenye simu.

Dawa isifike kikomo ndipo uanze kutafuta. Tuna sababu ya kusema hivyo. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya Nairobi karibu na Madogo na Mororo, magari yakakwama na watu wakavuka kwa mashua. Mwenye akiba ya wiki mbili alikuwa na nafasi ya kupumua. Kama dawa ya mwezi mzima ni nzito kuilipia kwa mkupuo, weka kando kidogo kidogo kila siku kwenye akaunti ya akiba ya simu, na uipe jina "dawa" ili mkono usiiguse.

Ukiagiza kutoka Nairobi kwa basi, kumbuka ni safari ya zaidi ya kilomita 350 kwenye joto. Insulini isiwekwe kwenye buti kama mzigo wa nguo. Omba kisanduku cha baridi, na uwe kwenye stegi basi linapoingia.

Na usisahau bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha kunawezekana kwa simu yoyote kupitia *147#. Usingoje siku ya kulazwa ndipo uanze kutafuta kitambulisho.

Insulini, miguu na chai ya heshima

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi. Soma karatasi ya dawa yako. Garissa nyuzi 30 ni asubuhi tu. Kwa hiyo usiiache kwenye gari wala mfuko wa abaya juani. Wasio na friji hutumia njia ya chungu: chombo cha udongo chenye mchanga uliolowanishwa, kivulini, dawa ndani ikiwa imefungwa isipate maji. Usiiweke moja kwa moja juu ya barafu. Iliyoganda imeharibika hata kama inaonekana sawa. Vibanzi vya kupimia sukari navyo huharibiwa na joto.

Miguu pia. Kisukari cha muda mrefu hupunguza hisia, na sakafu ya ua wa msikiti au saruji ya mchana inaweza kukuchoma bila wewe kujua. Vaa viatu vilivyofunika vidole, weka soksi karibu, na uangalie nyayo kila jioni.

Halafu kuna chai. Ukiingia duka la mtu unayemjua, unaletewa shaah yenye sukari ya kutosha vikombe vitatu. Kukataa ni vigumu. Sema mapema, kabla haijamiminwa: "Yangu bila sukari, daktari amenikataza." Watu huelewa. Na ukiambiwa maziwa ya ngamia yanatosha badala ya dawa, yanywe kama chakula, lakini dawa usiiache.

Ramadhani, ongea na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, kwa hiyo pima. Ikishuka chini ya 4, fungua. Malipo ya saa kumi jioni sokoni, ukiwa umefunga, yafanye asubuhi kama yanawezekana.

Maneno manne ya kuweka kwenye simu

Kabla hujafunga ukurasa huu, andika kadi ndogo uiweke nyuma ya simu, kwa Kiswahili na Kisomali: kwamba una kisukari, kwamba ukionekana kama umelewa upewe kitu kitamu, kwamba ukizimia usitiwe kitu mdomoni bali upelekwe hospitali, na nambari ya mtu wa nyumbani. Simu iliyofungwa kwa PIN haiwezi kumwambia mpita njia lolote. Kadi inaweza.

Kama una mzazi au jirani mwenye kisukari ambaye hutoka peke yake, kaa naye dakika kumi jioni hii. Mwandikie hiyo kadi, mwekee pakiti ya glukosi kwenye mkoba, na umwonyeshe jinsi ya kulipa stima akiwa amekaa nyumbani.