Udongo Mwekundu wa Kichanga na Mvua Isiyoingia Ardhini

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, awe katika gari la moshi au katika motokaa, akisha kupita Mtito Andei huona ya kuwa nchi imegeuka rangi. Njia za pembeni ni nyekundu, vichuguu ni vyekundu, hata ndovu wa Tsavo ni wekundu, ingawa ngozi ya ndovu kwa asili ni ya kijivu. Wamejipaka vumbi na matope ya mahali pale. Udongo wa namna hii umeenea pia katika sehemu kubwa za Makueni, Machakos na Kitui, na katika nchi ya Wambeere iliyo chini, kusini mashariki ya Mlima Kenya.

Udongo huu una sifa mbaya. Husemwa ya kuwa hauna nguvu, ya kuwa haushiki maji, ya kuwa umekwisha kuchoshwa na jua. Maneno hayo yana kweli kidogo, lakini yameacha jambo kubwa. Tabu yake ya kwanza haiko ndani bali juu kabisa, katika unene wa milimita chache tu. Na mkulima asiyejua hayo aweza kulalamikia uchache wa mvua miaka yote, hali sehemu kubwa ya mvua iliyonyesha shambani mwake imekwenda zake mtoni.

Kwanza inafaa kujua asili yake. Miamba ya nchi hizo ni ya kale mno, umri wake umepita miaka milioni 500. Ukilivunja jiwe lake utaona mistari ya rangi nyeupe na nyeusi, na ndani yake chembe za namna mbalimbali. Chembe nyeupe zilizo ngumu kama kioo haziozi. Mwamba ukisha kuvunjikavunjika kwa jua na mvua, hizo hubaki vile vile, nazo ndizo mchanga. Chembe nyingine huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi. Zile nyeusi zina chuma, na chuma kikipata hewa na maji hushika kutu, kama panga lililosahauliwa nje wakati wa mvua. Basi wekundu tunaouona ni kutu nyembamba iliyozivika chembe za mchanga na mfinyanzi.

Kutu hiyo huwa nyekundu hasa pale ambapo maji hayatuami. Kwa hiyo udongo wa juu ya mgongo wa kilima ni mwekundu, wa katikati ya mteremko hugeuka kuwa wa manjano au wa hudhurungi, na kule bondeni, ambako maji hukaa, hukutwa udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mtaalamu mmoja wa kituo cha Amani huko Tanganyika, Geoffrey Milne, aliuandika mpango huo mwaka 1935, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa kuwa kila udongo umeungana na wenzake wa juu na wa chini yake. Wachungaji wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakiujua mnyororo huo zamani, kwa kutazama tu majani yanayoota mahali gani.

Hapa kuna kosa linalowapata hasa watu wa mjini wanaonunua shamba wakiwa na haraka. Huuona udongo mwekundu wa Makueni, wakakumbuka udongo mwekundu wa Kiambu au Murang'a, wakadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Ule wa Kiambu umetokana na mawe ya volkeno. Una mfinyanzi mwingi, umekwenda chini sana, na chembe zake hushikana katika vidonge vidogo vyenye nafasi katikati, ambavyo maji hupita bila shida. Huu wa nyika una mchanga mwingi na mboji kidogo. Rangi imefanana kwa sababu kutu ni kutu, lakini haimwambii mtu neno lo lote juu ya rutuba.

Sasa tutazame tone la mvua. Tone kubwa huanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Likianguka juu ya majani au takataka za shambani, nguvu yake huishia hapo. Likianguka juu ya ardhi tupu, huipiga kama nyundo ndogo. Katika udongo wenye mboji nyingi vidonge vya udongo huvumilia pigo hilo. Katika udongo mwekundu wa kichanga havivumilii, kwa maana hakuna kitu cha kuvishikamanisha. Hupasuka, na chembe zilizo nyembamba huingia katika vitundu vilivyo baina ya chembe za mchanga na kuviziba. Kazi hiyo huweza kumalizika katika dakika chache za mwanzo za mvua kubwa. Ardhi imekwisha kufunga mdomo. Mvua iliyosalia hutiririka juu yake kama juu ya bati, na jua litokapo, utando ule hukauka ukawa gamba gumu ambalo hata mche wa mtama hushindwa kulitoboa.

Watu wengi hustaajabu wakiambiwa hivyo, kwa sababu kila mtu ajua ya kuwa mchanga hunywa maji upesi. Ni kweli kwa mchanga mtupu, kama ule wa pwani au wa mto mkavu. Lakini huu umechanganyika na mfinyanzi kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachoharibu mambo: hakitoshi kuushikanisha udongo, nacho chatosha kuziba vitundu.

Na tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, ni lita 1 ya maji. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Basi mvua moja ya milimita 20 huleta katika ekari moja lita 80,940. Tukisema nusu yake imetiririka na kupotea, mwenye shamba amepoteza lita 40,470, yaani zaidi ya mitungi 2,000 ya lita 20, katika alasiri moja. Mama wa nyumba hiyo huenda kesho yake akatembea saa mbili kutafuta mtungi mmoja. Katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka, tena katika misimu miwili mifupi, upotevu kama huo ndio unaotenga mavuno na njaa.

Maji yale hayaendi peke yake. Huchukua udongo wa juu, wenye mboji na samadi yote iliyotiwa. Chimba futi mbili katika shamba la namna hii utaona ya kuwa mchanga hupungua na mfinyanzi huzidi kadiri uendavyo chini. Tabaka hilo la chini lafaa sana likiwa mahali pake, maana ndilo ghala ya maji ya mizizi. Lakini tabaka la juu likisha kuondoka, lile la chini hubaki wazi kwa jua, likawa gumu kama sakafu, wala halipandiki kitu. Mabaka mekundu yasiyoota hata jani, ambayo huonekana katika malisho yaliyochoka, mengi yametokea hivyo.

Ugumu huu una hasara nyingine inayohusu wakati. Mwisho wa kiangazi udongo umekaza hata jembe huruka, na ng'ombe wa kukokota plau wamekonda kwa kukosa majani. Mkulima hungoja mvua ya kwanza iulainishe. Akilima siku ile, vema. Akingoja ng'ombe wa jirani kwa wiki moja au mbili, mvua ya mwanzo imempita, na mahindi yake yatakosa maji wakati wa kutoa mbelewele. Tena plau inayopita kina kile kile kila mwaka hufanya sakafu ngumu chini ya ardhi iliyolimwa, na mizizi hugeuka pembeni ikifika hapo.

Kuhusu chakula cha mimea, udongo huu umepungukiwa hasa na naitrojeni na fosforasi. Samadi ni dawa njema, kwa kuwa hutoa chakula na pia hushikanisha vidonge visivunjwe na mvua. Ila samadi iliyolala bomani chini ya jua mwaka mzima imekwisha kupoteza nguvu nyingi, heri irundikwe na kufunikwa. Mbolea ya dukani husaidia, lakini haizuii gamba. Mtu atiaye mbolea ya gharama juu ya ardhi iliyoziba huweza kuinunulia mto mbolea.

Shauri la kutandaza mabua na majani makavu ni jema, nalo husemwa kwa wepesi kuliko litendekavyo. Katika nchi kavu mabua ni chakula cha ng'ombe, na yale yanayobaki huliwa na mchwa. Hata hivyo mchwa si adui mtupu: mashimo yao hupasua gamba na kuyapa maji njia ya kushuka chini.

Lililofaa zaidi Ukambani ni matuta, na historia yake haikuwa nyororo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, ikiona mmomonyoko unaharibu nchi, ilikata shauri kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba wengi, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kupinga jambo hilo, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishwa mpaka Lamu. Baadaye ikaja kazi ya matuta kwa amri, nayo ilichukiwa. Lakini baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, watu wenyewe walifanya matuta mengi kwa vikundi vya mwethya, ambavyo wanawake ndio waliokuwa nguzo yake. Katika wilaya ya Machakos ya zamani, iliyokuwa pamoja na Makueni, wakazi waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hata kukaribia milioni 1.4 mwaka 1989, na juu ya hayo mmomonyoko ukapungua.

Tuta lililopendwa huitwa fanya juu, jina lililoingia hata katika vitabu vya wageni bila kutafsiriwa. Huchimbwa handaki la kina cha futi mbili hivi kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya ng'ombe. Maji na udongo hukomea hapo, na baada ya miaka kadha shamba hujisawazisha lenyewe kama ngazi. Handakini hupandwa migomba na mipapai, mimea isiyotazamiwa katika nyika. Katikati ya matuta hufaa mbaazi, kunde, ndengu, mtama, au mahindi ya Katumani yakomaayo upesi, yaliyotolewa na kituo cha karibu na mji wa Machakos katika miaka ya 1960.

Atakaye kujua kama shamba lake hunywa mvua au huitema, na afanye hivi. Siku moja baada ya mvua kubwa achimbe mashimo mawili kwa panga, moja pale palipo wazi na pagumu, la pili chini ya mti wenye majani yaliyoanguka. Apime kwa kidole unyevu umefika wapi katika kila moja. Mvua iliyonyesha hapo ni ile ile moja, isipokuwa mti wenyewe umekinga kidogo. Tofauti ya kina atakayoiona ndiyo kipimo cha maji yaliyompita.