Tairi ni Amana, Si Pambo

Ujenzi wa barabara kuu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260, ni jambo la kutia moyo kwa wananchi wa nyanda za juu za Kigoma, ambao kwa miaka mingi walisafiri kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa tope wakati wa mvua. Lakini kila neema ina wajibu wake. Gari dogo lililokuwa likijikokota hupata kasi likifika penye lami, na mwendo unapoongezeka ndipo kasoro ya tairi hugeuka msiba.

Katika vituo vya magari vya Kasulu na Kibondo, Toyota Vitz, IST na nyinginezo zilizotumika Japani si ngeni. Wapo wenye magari, hasa vijana, wanaozivua rimu za asili na kuzivisha rimu kubwa zinazometameta, zenye tairi nyembamba mithili ya mkanda, ili gari lipate sura ya mashindano. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hebu tupige hesabu. Tairi ya 185/65R15 ina upana wa milimita 185. Ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 120. Na rimu yake ni ya inchi 15. Ukiweka 205/45R17 mahali pake, kimo cha gurudumu zima hupungua kwa milimita 5 tu, bali ukuta wa mpira hushuka hadi milimita 92. Ni kweli kwamba ukuta mfupi hulituliza gari katika kona za lami. Lakini milimita 28 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea kishindo cha shimo na jiwe. Zikiondoka, kishindo huipata rimu, nayo hupinda au hupasuka. Gari linaloiacha lami kwenda vijijini halina budi kuwa na mpira wa kutosha.

Basi mnunuzi azingatie nini? Kwanza, asome kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva au nguzo yake, kinachoonyesha kipimo cha tairi na kiasi cha upepo. Pili, atazame tarakimu ya uzito inayofuata kipimo: 84 ni kilo 500 kwa tairi moja, na 88 ni kilo 560. Gari lipakialo abiria na magunia ya maharage halistahili tairi dhaifu kuliko ile ya asili. Tatu, matundu ya nati yalingane na ya gari, na rimu isitokeze nje hata tairi ikasugua bodi gari linaposheheni. Nne, atafute ubavuni tarakimu nne za mwisho katika mstari wa DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkongwe hukakamaa na kupasuka, hata kama mifereji yake bado ni mirefu. Tano, aziepuke tairi za theluji zinazofika pamoja na magari ya Japani, ambazo aghalabu huandikwa STUDLESS. Mpira wake laini ulitengenezwa kwa ajili ya baridi kali, na juu ya lami yenye joto huisha upesi.

Watasema tairi mpya ni ghali. Hoja hiyo ni nzito, hasa tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji kabla ya mwaka 2010, tukabaki kutegemea tairi za nje na mitumba. Lakini aliyepata fedha za kununua rimu za fahari hawezi kudai kwamba amekosa za tairi imara. Na madereva wa kituo kimoja wakichanga kidogo kidogo, wataweza kununua kwa jumla na kupunguziwa bei. Huo ndio ushirika, na manufaa yake tunayajua.

Abiria naye asione haya kuinama na kuitazama tairi kabla ya kupanda. Ikiwa ni kipara, aseme. Alipapo nauli hukabidhi roho yake mikononi mwa mwingine, na amana sharti irudishwe kwa mwenyewe ikiwa kamili.