Kutoka Nakivale kwenda kufundisha Mbarara

Mwalimu aliyezoea darasa la Bukavu au Uvira, Kongo, akifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kitu cha kwanza anachoulizia ni masomo ya Kiingereza. Si vibaya. Lakini kwa anayetaka kutoka kambini akatafute shule mjini Mbarara, mimi humwambia aanze na karatasi.

Kongo, ualimu wa shule ya msingi husomewa sekondari. Mwanafunzi anachagua mkondo wa ualimu, anafanya mtihani wa taifa, na akipata diploma ya serikali watu wanamwita D6. Ana haki ya kushika chaki. Uganda njia yake ni nyingine. Kwa miaka mingi ualimu wa msingi ulikuwa chuo cha miaka miwili baada ya S4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, unatoka na cheti cha Gredi ya Tatu, na sera ya walimu ya 2019 ikapandisha lengo hadi shahada. Kwa hiyo D6 inapelekwa UNEB, baraza la mitihani, na kulinganishwa kama cheti cha sekondari. Ualimu uliomo ndani yake hauhesabiwi hivi hivi. Aliyelea madarasa kwa miaka anarudishwa kuwa mhitimu wa sekondari, na sioni haki hapo, maana Desemba 2017 mawaziri wa elimu wa nchi za IGAD, jumuiya ya Pembe ya Afrika na majirani zake, Uganda ikiwamo, walikubaliana kule Djibouti kwamba vyeti vya wakimbizi vitafutiwe njia ya kutambuliwa.

Aliyesoma ISP Bukavu, chuo cha juu cha ualimu, ana nafuu: vyeti vya chuo vinalinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. Mabaraza yote mawili yanataka tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiingereza iliyofanywa na mtafsiri anayetambulika, kwa hiyo shughulikia hilo ukiwa bado Nakivale. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi. Msaada wa kambini, hata hivyo, haukufuati mjini. Ndiyo maana wengi huacha familia Base Camp, mtaa wa Nakivale, na kupanga chumba kimoja Mbarara kwanza.

Halafu kalenda. Kongo mwaka wa shule unaanza Septemba, Uganda ni mwanzoni mwa mwaka, mihula mitatu. Ukishuka Mbarara Septemba unakuta walimu wakuu wanawaza tu mtihani wa P7, darasa la mwisho la msingi. Shule binafsi, ambazo ndizo mlango wako halisi, hutafuta watu likizo ya Desemba na Januari.

Alama nazo zina mtego wake. Mtihani wa P7 una masomo manne, na kila somo linapewa kuanzia 1, ambayo ndiyo bora kabisa, hadi 9, ambayo ni kufeli. Zinajumlishwa kuwa agrigeti: bora kuliko wote ana 4, wa mwisho kabisa ana 36, na daraja la kwanza linaishia 12. Mzazi akikuambia mwanawe ana agrigeti nne, usimpe pole.

Kuna mlango mwingine ambao wengi wanaupita bila kubisha. Tangu mtaala mpya wa sekondari wa 2020, Kiswahili ni lazima S1 na S2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi. Walimu wake hawatoshi. Mkongo wa mashariki anakizungumza toka utotoni, ila cha Kivu kinasema “kitabu yangu” na mtihani unataka “kitabu changu”. Kaa na ngeli kabla hujakaa na mwalimu mkuu.

Ukiitwa kufundisha somo la majaribio, usipeleke fishi yako ya Kongo, yaani andalio la somo la kule, hata kama ni nzuri. Wakaguzi wa hapa wanataka mpango wa muhula na andalio la somo kwa muundo wao, wenye umahiri na shughuli za mwanafunzi. Waganda wanaofundisha Nakivale wanazo nakala za muhula uliopita. Ukiomba kwa adabu, wengi watakuachia unakili usiku mmoja.